Je, Nilidanganywa na Kitabu Nilichokipenda?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nilipokuwa darasa la sita, babu alinipa Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, nami nilishangilia kila Waingereza walipowakomboa watumwa. Sasa nina miaka 19, nimekirudia, na naona Mwingereza humo ni mwokozi tu. Naona aibu. Je, nilidanganywa?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukudanganywa, ulisimuliwa na mtoto anayeshukuru kwa niaba ya mzazi wake. Baba yake Mbotela alikuwa mtumwa aliyekombolewa, na mwandishi mwenyewe alikulia Frere Town, hapo hapo kwenu Kisauni, makao ambayo wamisionari wa Kianglikana waliyaanzisha katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Kitabu kilichapishwa London mwaka 1934, Kenya ikiwa bado koloni. Mtu wa namna hiyo akiwasifu Waingereza, mimi simwiti mwongo, lakini sifa zake hazitoshi kutueleza jinsi utumwa ulivyokwisha.

Tazama amri ya Unguja ya mwaka 1897, ambayo Sultani aliitoa kwa shinikizo la Waingereza hao hao. Mtumwa hakuamka asubuhi akiwa huru: ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, na fidia akapewa bwana wake, si yeye aliyepalilia mikarafuu. Masuria walitengwa na amri hiyo, wakaachiwa njia ya kulalamikia ukatili tu, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1909. Huko kwenu pwani ya Kenya, utumwa uliendelea kutambuliwa kisheria hadi mwaka 1907, miaka zaidi ya thelathini baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa.

Kwa hiyo usiione aibu ile furaha, kwani mtoto anayefurahi mtu akifunguliwa minyororo amefurahia jambo la haki. Unaposoma riwaya nyingine za zamani zile, angalia nani amepewa jina na nani anaitwa kijakazi tu tangu mwanzo hadi mwisho. Sikiliza pia maneno yetu wenyewe: muungwana, ambaye leo ni mtu mwenye adabu, zamani alikuwa kwanza mtu asiye mtumwa, na hilo linanisumbua kila ninapolitamka.

Kitabu usikifungie kabatini. Mpelekee babu, umwombe akusomee kwa sauti ule ukurasa uliokufanya ushangilie, kisha umuulize yeye aliusomaje alipokuwa na umri wako.