Ramani ya Kibera ilichorwa na wakazi

Kwa wanaodai kwamba ramani ya mtandaoni ya Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, ilitoka serikalini: hapana, haikutoka huko. Ilichorwa na vijana wa Kibera wenyewe kuanzia mwishoni mwa mwaka 2009, chini ya mradi wa Map Kibera, ambapo walipita vichochoroni wakiwa na vifaa vya GPS (vinavyopima mahali ulipo kwa setilaiti) mkononi, wakaweka alama kwenye vyoo, vituo vya maji, zahanati na shule, kisha wakaingiza yote katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyo mtandaoni, ambako eneo hilo lilikuwa karibu tupu. Njia ya kuhakiki iko wazi kwa kila mtu: ukifungua historia ya jengo au njia yoyote humo, utaona tarehe ya kila badiliko na jina la akaunti iliyolifanya, jambo ambalo ramani nyingi za karatasi hazikupi. Hata hivyo, kwa kuwa yeyote mwenye akaunti anaweza kuihariri, na vibanda huvunjwa na kujengwa upya, anayeitumia kama ushahidi katika mjadala wa barabara au ubomoaji ataje pia tarehe aliyoipakua.