Jibu: Blogu huru za kufuatilia uchaguzi wa Marekani

Ndugu, umeuliza blogu gani huru za siasa zinafaa kusomwa uchaguzi wa Marekani ukipamba moto, maana kelele za televisheni zimekuchosha. Mimi huanza na Electoral-vote.com. Ipo tangu 2004, mwenyewe ni Andrew Tanenbaum, yule profesa wa kompyuta wa Amsterdam aliyeunda MINIX, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Sura ya tovuti ni ya kizamani kweli, lakini ramani inakuonyesha jimbo kwa jimbo nani anaongoza kwenye kura za maoni, yaani tafiti za kuwauliza wapiga kura watamchagua nani. Tena hafichi kwamba anaegemea chama cha Democrat. Kwangu hiyo ni sifa: mwenye upande akausema namwamini kuliko anayejifanya hana.

Kisha kuna Talking Points Memo ya mwandishi wa habari Josh Marshall, iliyozaliwa 2000, katikati ya mzozo wa kuhesabu kura za urais za jimbo la Florida. Kwa habari za uchunguzi iko vizuri, ila baadhi ya makala ni za kulipia.

Upande wa takwimu kuna Nate Silver, mtakwimu anayekadiria nani ana nafasi gani ya kushinda. Mwaka 2016 alimpa Trump nafasi ya kushinda ya asilimia 29 hivi, watu wakaisoma kama sifuri! Wakati ni karibu mara moja katika kila tatu.