Barua kwa mwanangu: fuata njia aliyopita

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tengeru. Umeniuliza kwa nini bibi yako hakumtafuta baba yake, yule Mpolishi wa kambi ya wakimbizi iliyokuwa hapa Tengeru, na kama wewe ukianza sasa uende Poland. Ukaongeza kwamba wenzako kazini wamekushauri upime vinasaba.

Vinasaba pima ukitaka. Kipimo kitakwambia kuna damu ya Ulaya Mashariki, jambo ambalo hapa kijijini lilijulikana kwa kumtazama bibi yako usoni tu. Mimi nasema hivi, na umenisikia nikisema hata kwa mambo mengine: mtu aliyepotezwa na vita hutafutwa kwa njia aliyopita, si kwa nchi aliyozaliwa.

Itazame njia yenyewe. Wapolishi wa hapa wengi wao walitoka mashariki ya Poland ya zamani, upande ambao jeshi la Kisovieti liliuvamia Septemba 1939. Kuanzia Februari 1940 familia zilitolewa majumbani katikati ya baridi, zikapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo hadi Siberia na baadaye Kazakhstan. Hitler alipoishambulia Urusi mwaka 1941, Stalin alipatana na serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London, nao wakafunguliwa. Mwaka 1942 jeshi la Kipolishi la Jenerali Anders likatoka Urusi na wanawake na watoto, wakavuka Bahari ya Kaspi mpaka Pahlevi, Iran. Kutoka huko ndipo maelfu wakaletwa kwa meli mpaka pwani yetu. Tengeru ilipokea karibu watu 5,000, wakaishi kwenye vibanda vya mviringo vilivyoezekwa nyasi, chini ya Mlima Meru. Vita vilipokwisha, kwao kulikuwa kumekabidhiwa Wasovieti. Kijiji cha babu, huyo baba wa bibi yako, huenda leo kiko Ukraine au Belarus. Sasa uende Poland kutafuta nini? Fuata njia.

Umeuliza habari za bibi, nami siwezi kumtaja bila kuwakumbuka wale wageni. Ilikuwa miaka ya tisini, nilikuwa kijana, wakaja na basi dogo kuyaona makaburi. Wengi walikuwa wazee waliowahi kuwa watoto wa kambi. Mama, yaani bibi yako, ambaye hakuwa na desturi ya kukanyaga kule, siku ile alivaa kitenge chake kipya akasema nimsindikize. Bibi kizee mmoja wa Kizungu alimwona akamshika mikono, akaanza kutoa Kiswahili cha sokoni alichokihifadhi tangu utotoni: ndizi, maziwa, bei gani, punguza. Mama alicheka hadi machozi. Sijawahi kumwona akicheka namna ile na mtu asiyemjua, na mpaka leo nikikumbuka nafurahi.

Kisha mwanamume mmoja wa msafara ule akapita, akadhani mama ndiye mfagiaji wa makaburi, akamtia noti mkononi. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante. Nilitaka kumwambia yule bwana kwa Kiingereza changu cha shule kwamba huyu naye ni wenu. Mama akanikazia macho, nikanyamaza. Jumapili iliyofuata noti ile ikaingia kwenye sadaka. Hakuizungumzia tena, wala wageni wengine walipokuja hakwenda.

Unaniuliza kwa nini hakumtafuta. Labda hakutaka. Lakini kitenge kipya alikivaa kwa ajili ya nani?

Wajomba zake walisema baba yake alitoroka. Mimi huwatetea na kuwapinga papo hapo. Kambi ilikuwa inafungwa kidogokidogo, hadi 1952 ikawa basi. Watu walipangiwa Uingereza, Kanada, Australia, na kijana asiye na nchi hakujichagulia meli. Hilo nalikubali. Lakini barua je? Hata moja, hata kupitia kwa padri? Neno ninalo, mwanangu, na liko mdomoni kabisa. Sitaliandika kabla hatujajua alipelekwa wapi na alikuwa na umri gani.

Kwa hiyo anzia hapo hapo London unapoishi. Familia za askari wa Anders wengi zilipokelewa Uingereza, na babu alikuwa na kaka jeshini. Hilo bibi mkuu, mama yake bibi yako, alilisema mara nyingi. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Kew ina orodha za abiria walioshuka bandari za Uingereza mpaka mwaka 1960. Tafuta meli zilizotoka Mombasa na Dar es Salaam, hasa baada ya 1949, maana babu alipoondoka, mama alikuwa mchanga. Nenda pia Makumbusho ya Sikorski, Kensington. Nyaraka za jeshi lao na za serikali yao ya uhamishoni ziko pale. Halafu kuna faharasa ya Kipolishi ya watu walioteswa na Wasovieti, Indeks Represjonowanych, inatafutika mtandaoni, na mara nyingi inataja jina la baba na mwaka wa kuzaliwa. Jina letu linaishia na -ski, lakini mama yake na dada zake wataandikwa -ska, usiwaruke. Na makarani wa Kiingereza waliandika walivyosikia, kwa hiyo jaribu kila tahajia.

Jina la kijiji mimi silijui. Shangazi yako anasema mama alimtajia siku za mwisho, naye hajataka kumwambia mtu. Anakwenda Moshi wiki ijayo na kule simu yake haipatikani. Mpigie kabla hajaondoka, umwambie nimekuruhusu mimi.

Baba yako