Ana upele, nimpake oili chafu?

SWALI: Shikamoo daktari. Jirani yangu hapa Mwanga, Kigoma, amehamishiwa kazi Dodoma, akaacha mbwa jike wa miaka kama mitatu. Nataka kumchukua, ila ana upele, manyoya yamepukutika masikioni na viwikoni. Rafiki anasema nimpake oili chafu. Mwingine anasema mbwa mkubwa hafundishiki, ninunue kitoto. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Mchukue. Hilo la kutofundishika halinisumbui: mbwa wa miaka mitatu tabia yake unaiona kabla hujamfungulia geti. Kitoto cha kwenye boksi hujui kitakuwaje, na mara nyingi kimeachishwa ziwa mapema mno.

Tatizo ni hiyo oili. Naletewa mbwa weusi tii, wananuka gereji, ngozi imebabuka, na mwenyewe bado anauliza apake tena lini. Wadudu wa upele hawaonekani kwa macho. Huchimba ndani ya ngozi na kutaga humo, na masikio na viwiko ndiko wanakopenda kuanzia. Oili iliyotoka kwenye injini ina mabaki ya vyuma na sumu nyingine. Mbwa anajilamba usiku kucha, kesho yake inaanza kazi kwenye ini na figo. "Mbona wa fulani alipona?" Wa fulani aliyekufa hukusimuliwa.

Kuna na wajuaji wa sindano ya ng'ombe. Ivermectini iliyomo kweli inaua wadudu hao, lakini ng'ombe ana kilo 300 na mbwa wako labda 18. Ukikisia, ataanza kuyumba, kutokwa mate, hata kupoteza fahamu. Tena unaweza kuta si upele kabisa bali fangasi, kama mapunye ya watoto. Ndiyo maana daktari hukwangua ngozi kidogo kwa wembe na kuiangalia kwenye hadubini kabla ya kutaja dawa. Mpaka apone, nawa mikono ukimshika, maana na wewe unaweza kuwashwa, na matandiko yake yafue kwa maji ya moto.

Chanjo ya kichaa: kama jirani hakuacha kadi, mhesabu hajachanjwa. Hapa ndipo matapeli wanapokula hela za watu. Chanjo hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, sasa huyo anayezunguka mtaani na chupa mfukoni, kwenye joto hili la Kigoma, anachoma nini? Mwulize friji yake iko wapi. Mwambie afungue kasha la barafu ulione. Akianza maneno mengi, mfukuze, nenda kwa ofisa mifugo wa kata.

Na mbwa yeyote akimng'ata mtu, mwenye kadi au koko, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Si kupaka pilipili, si kwa mganga. Dalili za kichaa zikishamtokea mtu, hakuna daktari wa kumponya, wa watu wala wa mifugo.