Muulize Mchoraji: Picha 34 na ukumbi mmoja

SWALI: Nimepewa ukumbi wa galari peke yangu kwa majuma matatu. Ni mara yangu ya kwanza. Nina picha 34, za rangi ya mafuta na za akriliki (rangi inayochanganywa na maji), na nne kati ya zile za mafuta nimezimaliza mwezi huu. Mwenye galari anataka 15 tu. Roho inaniuma kuziacha zilizobaki. Nimkubalie?

JIBU: Hongera sana, mwenzangu. Na ndiyo, mkubalie.

Uchungu huo naujua. Maonyesho yangu ya kwanza ya peke yangu nilikataa kuacha hata moja. Nilipeleka picha 31 nikazibananisha ukutani mpaka fremu zikakaribia kugusana. Jioni ya ufunguzi nikajibanza pembeni niwatazame wageni. Waliingia, wakazunguka kwa mwendo uleule mmoja, kama mtu anayetafuta namba ya mlango, wakatoka. Hakuna aliyesimama mbele ya chochote. Usiku ule nilishusha 13. Kesho yake niliona mtu wa kwanza akirudi nyuma hatua mbili ili aangalie vizuri, na nusura nilie.

Ila kilichonifunza zaidi ni picha moja ndogo ya beseni tupu la bati. Kijivu chake nilikihangaikia miezi minne, nikikichanganya kwa bluu, kahawia na nyeupe, bila tone la nyeusi. Nikaitundika kando ya picha yangu kubwa ya manjano. Beseni likageuka zambarau! Nilidhani taa ni mbovu, nikabadilisha balbu, wapi. Nilipoipeleka ukuta wa pili, kijivu changu kikarudi.

Jambo hili lina historia. Mkemia Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazijakolea. Alipochunguza akakuta nyuzi hazina kosa lolote; rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizozifanya zionekane zimefifia. Matokeo ya uchunguzi wake aliyachapisha mwaka 1839, na kila anayetundika picha mbili ukuta mmoja anakutana nayo mpaka leo. Kwa hiyo picha nzuri unaweza kuiacha nyumbani kwa sababu tu inamharibu jirani yake.

Usipange kichwani. Zipeleke picha ukumbini, ziegemeze chini ukutani, kisha uzihamishe kutwa nzima kabla hujapiga msumari hata mmoja. Toka nje, uingie tena kama mgeni, uone jicho linakimbilia wapi. Ukishaamua, pima sentimita 150 kutoka sakafuni, na hapo ndipo pawe katikati ya picha, iwe kubwa au ndogo. Ukilinganisha kingo za juu, ndogo zote zitakuwa zinaelea juu ya vichwa vya watu.

Nyuma ya kila picha andika jina lako, jina la picha, mwaka, vipimo (urefu kwanza, halafu upana) na mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Mshale huo usiudharau. Mwaka 1961, katika jumba la makumbusho ya sanaa la MoMA, New York, picha ya Henri Matisse iitwayo Le Bateau ilikaa kichwa chini miguu juu siku 47, mpaka mtazamaji mmoja alipogundua.

Zile nne mpya za mafuta ziache. Akriliki hukauka maji yakishatoka, kama nguo kwenye kamba. Mafuta hayako hivyo: yanavuta oksijeni na kugeuka kuwa magumu polepole, toka juu kwenda ndani. Ukigusa utadhani imekauka, kumbe chini bado ni uji. Vanishi ya kawaida ya mwisho hungoja miezi sita, na palipopakwa nene hata mwaka. Kuzifunga kwa nailoni na kuzisafirisha sasa ni kuziumbua. Nailoni itaacha alama zake usoni.

SWALI: Galari inataka nusu ya bei ya kila picha itakayouzwa. Huu si wizi?

JIBU: Si wizi. Nusu kwa nusu ni mgawo wa kawaida kwenye galari nyingi, na galari inayofanya kazi yake inaustahili: inawaita wanunuzi, inalipia ukumbi na taa, inalisimamia jina lako hata ukiwa umelala. Kinachonitia hofu ni makubaliano ya mdomo. Mimi niliwahi kusubiri miezi saba kulipwa picha mbili ambazo mnunuzi alishazitundika kwake, kwa sababu tulipeana mikono tu, na sikuwa na karatasi ya kudaia. Dai mkataba useme utalipwa ndani ya siku ngapi baada ya mauzo, nani analipa usafiri na bima, na mnunuzi akipunguziwa bei, punguzo linatoka kwenye fungu la nani. Na bei ya nyumbani kwako iwe ileile ya galari. Usimzunguke mwenye galari.

SWALI: Mimi si mchoraji. Nilikwenda kwenye maonyesho ya picha, sikuelewa kitu. Mchoraji mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, nikaona haya kumuuliza. Ningesema nini?

JIBU: Ungemuuliza tu, jamani! Hujui jinsi tunavyosimama pale tukiomba mtu aje. Swali la "hii maana yake nini" huwa linatufunga ulimi, kwa kuwa aghalabu jibu ndilo hilo lililopo ukutani. Muulize alianzia wapi. Muulize ni sehemu gani ilimsumbua. Hapo hutamnyamazisha.

Na kabla hujamwendea, isogelee picha bila kuigusa, uangalie kingo za turubai, yaani kitambaa kilichochorewa, pale kinapokunjwa kwenye mbao. Wengi wetu hatupaki mpaka huko, kwa hiyo tabaka za mwanzo hubaki wazi: rangi ya kwanza kabisa, michirizi, mahali mtu alipobadili nia. Mgeni mmoja aliwahi kuinama hivyo mbele ya beseni langu, akaniita, akanionyesha kwa kidole uzi mwembamba wa waridi, chini upande wa kushoto, akauliza umetoka wapi. Nilikuwa nimeshausahau. Chini ya kijivu kile kuna mlango, na nilikuwa nimeupaka waridi wote kabla sijaufuta.