Wasomaji Wanauliza: Programu ya simu kwa aliyetoka kwenye upasuaji wa saratani

SWALI: Wataalamu wetu, tunatengeneza programu ya simu kwa wanawake waliotolewa titi. Kila asubuhi inauliza maswali 26. Kwenye majaribio wengi waliacha kujibu siku ya nne. Tupunguze yapi? – Mtengeneza programu

JIBU: Shikeni orodha yenu, na mbele ya kila swali andikeni mambo mawili: jibu likiwa baya nani atalisoma, na akishalisoma atafanya nini. Swali lisilo na mtu wala kitendo lifutwe, hata kama linapendeza kwenye ripoti. Mtu mwenye mshono mbichi kifuani na usingizi wa dawa machoni ana nguvu za dakika mbili hivi. Msizimalizie kwenye mambo yasiyomrudia.

Kwa wiki mbili za mwanzo hubaki machache: joto la mwili, kiasi na rangi ya majimaji ya dreini (mrija wenye kichupa unaotoa majimaji kwenye jeraha), hali ya mshono, maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10, kama amepata choo, maana dawa za jamii ya mofini hufunga choo, na swali moja la ndiyo au hapana kuhusu kigimbi kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukatika. Hilo la mwisho likijibiwa ndiyo, skrini isiendelee na swali lingine. Imwambie aende kwenye huduma ya dharura sasa hivi, kwa sababu bonge la damu linalotoka mguuni hadi mapafuni haliwezi kungoja ripoti isomwe kesho. Joto likifika 38, apige simu siku hiyohiyo.

Maswali yabadilike kadiri siku zinavyosonga. Dreini ikitolewa, swali lake lifungwe. Aliyeondolewa tezi za kwapani aanze kukumbushwa kupima mikono yote miwili kwa utepe, sehemu zilezile kila mara. Mkono wa upande uliopasuliwa ukizidi mwenzake kwa sentimita 2, aonwe mapema, kabla uvimbe wa limfu, yaani majimaji yanayokwama mkononi, haujakomaa. Kipimo cha kwanza kichukuliwe kabla ya upasuaji, kwani wapo watu ambao mikono yao haikulingana tangu awali.

SWALI: Mimi ni muuguzi. Programu tunayotumia ilimwonyesha mgonjwa alama ya kijani kwamba dreini iko tayari kutolewa. Alipofika tukakuta bado inatoa maji mengi. Hesabu ilikosewa wapi? – Muuguzi wa wodi ya upasuaji

JIBU: Dada muuguzi, tazama kwanza vipimo vilivyorukwa. Mara nyingi kosa liko hapo. Tuseme mgonjwa anamwaga na kupima asubuhi na jioni. Asubuhi ameandika mililita 28. Jioni hakuandika, pengine simu iliisha chaji. Programu ikasoma nafasi tupu kuwa sifuri, ikajumlisha 28 na 0, ikapata 28. Kwa kuwa timu nyingi hutoa dreini inapokuwa chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo, na jana yake kiasi kilikuwa chini, kijani kikawaka. Ukweli ni kwamba siku ile haikuwa na jumla yoyote.

Mwambie mtengenezaji afanye hivi. Nafasi tupu ibaki tupu, na siku yenye kipimo kilichokosekana isihesabiwe. Kila kipimo kiandikwe pamoja na saa ambayo kichupa kilimwagwa, ambayo si lazima iwe saa data ilipofika kwenye seva. Hapo mgonjwa asipomwaga jioni na kesho yake asubuhi akamwaga 45, programu itajua kwamba hizo 45 ni za saa 24 nzima. Kila dreini iwe na namba yake, ileile iliyoandikwa kwenye plasta ya mrija. Dreini ya kwanza ikitoa 12 na ya pili 40, wastani wa 26 ni uongo. Kikomo chenyewe kiwekwe na timu ya upasuaji, na alama ya kijani iseme "wasiliana na wodi", neno "tayari" lisitumike.

Kuna kosa la pili, nalo linadanganya zaidi kwa sababu linafanana na kupona. Jana ilitoka 60, leo 5. Kushuka kwa ghafla namna hiyo mara nyingi ni bonge la damu lililoziba mrija, au kichupa cha mpira kilichofungwa bila kubanwa kwanza, kikakosa nguvu ya kuvuta. Kipimo kikiporomoka hivyo, programu iulize: Je, kichupa kimebonyea? Je, bandeji imelowa pale mrija unapoingia? Je, ngozi imetuna? Kama alifundishwa kukamua mrija, imkumbushe kwa picha: mkono mmoja unashika mrija karibu na ngozi usivutike, vidole viwili vya mkono wa pili vinateleza kuelekea kwenye kichupa. Bado hakuna mabadiliko? Apige simu wodini.

Mtu akiandika 500 badala ya 50, msimkatalie. Muulizeni, "Umesoma 500?" Siku nyingine itakuwa kweli.

SWALI: Tumeweka sehemu ya picha ya mshono, na programu inatafuta wekundu. Inatosha? – Mbunifu

JIBU: Haitoshi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huweza kuonekana kama weusi uliozidi au zambarau, au usionekane kabisa. Mwulize mgonjwa kama pembeni mwa mshono pana joto akigusa kwa mgongo wa kiganja, kama pamekuwa pagumu, kama panatoa usaha au harufu, na kama maumivu yanapanda siku ambazo yangepaswa kushuka. Picha ipigwe kwenye mwanga wa dirishani, umbali uleule, rula ikiwa kando. Na ihifadhiwe ndani ya programu tu. Ikiingia kwenye albamu ya simu, mtoto anayetafuta michezo atakutana na kifua cha mama yake.

SWALI: Shangazi yangu ametolewa zoloto (kiungo cha sauti kooni), anatumia simu yangu. Programu inataka ajibu kwa sauti, tena ujumbe wake unatokea "Kumbusho la saratani" mbele ya wageni. Tufanyeje? – Mpwa

JIBU: Pole kwa kuuguza, na mfikishie shangazi salamu zetu. Zima arifa za skrini iliyofungwa, au chagua zisionyeshe maneno. Watengenezaji nao wasikie: "Una kumbusho moja" linatosha, na neno la siri liombwe kabla ya kufungua. Mtu asiye na sauti apewe vitufe vikubwa, maandishi, na njia ya kuita msaada kwa ujumbe mfupi, kwani kitufe cha kupiga simu hakimsaidii. Skrini yake ya dharura iwe na sentensi moja ya kumwonyesha yeyote: "Ninapumua kwa tundu la shingoni. Oksijeni niwekewe hapo." Unapomjazia wewe, programu iandike kwamba aliyejaza ni mlezi, maana maumivu ya 3 uliyoyakadiria huenda kwake ni 7.

SWALI: Taarifa ikitumwa saa nane za usiku, nani anaisoma? – Msomaji

JIBU: Kama hakuna, programu imwambie mgonjwa hivyo kabla hajatuma. Neno "Imepokelewa" limewaacha watu nyumbani na homa wakiamini muuguzi ameshaona. Tumieni hatua tatu zilizo wazi: imehifadhiwa kwenye simu, imefika hospitali, imesomwa, saa ngapi. Maelekezo ya hatari yafunguke hata bila mtandao, na namba ya zamu ya usiku ikae juu ya kila skrini, kubwa kiasi cha kubonyezwa kwa kidole gumba cha mkono usiopasuliwa, mtu akiwa amelala chali.