Tumekula sinia moja, mbona kaumwa yeye peke yake?

SWALI: Dokta shikamoo. Juzi kati kulikuwa na shughuli mtaani kwetu huku Mbagala, tukala pilau sinia moja mimi, kaka yangu na jirani, tukashushia na juisi ya embe ile ya kwenye ndoo ina mabarafu. Kesho yake usiku jirani akaanza kuharisha na kutapika, alfajiri hata kusimama hawezi, macho yameingia ndani, hospitali wanasema kipindupindu. Sisi wawili tuko freshi kabisa. Watu wameshaanza maneno eti si bure, kafanyiwa kitu. Halafu mi sielewi, kidudu hata hakionekani kinamwangushaje mtu wa kilo 80 kwa usiku mmoja?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba. Hao wa "si bure" waache na yao. Kipindupindu kinaletwa na bakteria anaitwa Vibrio cholerae, na ukimmeza siyo lazima uumwe, maana wengi wao wanafia tumboni kwenye asidi, mtu mwenye asidi yake nzuri inabidi ameze mamilioni ndo waonekane kazi yao. Sasa kama jirani anatumia vile vidonge vya kupunguza asidi, au alirudia glasi ya tatu ya hiyo juisi (barafu lenyewe sijui lilitengenezwa na maji gani!), hamkumeza sawa hata kama sinia ni moja. Na wenye damu grupu O kikiwapata huwa kinawapiga vibaya kuliko wengine.

Kuna profesa wa Ujerumani, Max von Pettenkofer, alikuwa hakubaliani kabisa na mwanasayansi mwenzake Robert Koch kwamba hawa bakteria peke yao ndo wanaleta ugonjwa. Mwaka 1892 kule Munich, mzee ana miaka 73, akachukua mchuzi wa maabara umejaa bakteria wa kipindupindu akanywa. Akaharisha kidogo tu, akajiona kashinda ubishi. Msaidizi wake akanywa pia, yeye akaumwa haswa, ila wote walipona. Ubishi wenyewe aliyekuwa sahihi ni Koch.

Haya, hicho kidudu kinaangushaje mtu. Wale waliovuka asidi wanafika utumbo mwembamba wanajishikiza ukutani, hawaingii kwenye damu wala hawatafuni nyama, kazi yao ni kumwaga sumu. Sumu ikiingia kwenye seli za utumbo inaziamrisha zitoe chumvi bila kusimama, chumvi ikitoka maji yanaifuata, na maji hayo ni ya mwilini mwako mwenyewe. Ndo maana choo kinakuwa kama maji ya mchele, na mtu mzima akizidiwa anaweza kupoteza mpaka lita moja kwa saa, damu inakuwa nzito, presha inashuka, figo zinagoma. Yaani jirani hakuliwa na mdudu, alikaushwa.

Ila kuna njia moja sumu hiyo haiigusi: ile ya utumbo kuingiza sukari na chumvi kwa pamoja, vikiingia hivyo maji nayo yanaingia. ORS, ule unga wa sukari na chumvi wa kuchanganya na maji, inafanya kazi hapo hapo. Mwaka 1971, vita ya Bangladesh, wakimbizi wamejaa Bangaon huko India na dripu zimeisha, Dokta Dilip Mahalanabis akaamua watu wanyweshwe maji ya sukari na chumvi, vifo vikashuka kutoka kama 30 kwa kila wagonjwa 100 mpaka chini ya 4. Kama huna pakiti ya ORS, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha siyo vya mlima, mgonjwa anywe kidogo kidogo huku mnaelekea hospitali. Msisubiri asubuhi.

Na wewe na kaka yako kuwa freshi siyo kwamba hamna. Wengi wanaoambukizwa hawasikii chochote lakini bakteria wanatoka nao chooni siku 1 mpaka 10. Kwahiyo mikono kwa sabuni kila mkitoka chooni, msipikie watu kwa sasa, maji chemsheni au tieni dawa, na mwambieni mhudumu wa afya wa mtaa kuhusu ile ndoo ya juisi maana mlioinywa ni wengi.

SWALI: Nina mafua makali, famasi wamenikatalia amoksilini. Wananibania tu au?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hawajakubania. Amoksilini inabomoa ukuta wa bakteria, na mafua ni virusi, havina huo ukuta, vinaingia ndani ya seli za pua yako na kuzitumia kujizalisha. Ungemeza dozi nzima ukaua bakteria wako wazuri wa tumboni, mafua yako pale pale. Kunywa maji, pumzika, panadol kama kichwa kinagonga. Ikifika siku 10 hujapata nafuu, au unabanwa kifua na kupumua kwa shida, hapo nenda ukapimwe.